Mchi Ulikwenda Kusini

Mama hakwenda kumzika Mama Riziki. Siku ile ya Januari Buffalo ilikuwa imefungwa na theluji, magari yote yamepigwa marufuku barabarani isipokuwa yale ya kukwangua, na sisi tulikaa sebuleni tukitazama mazishi ya Louisville kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Picha ilikatika mara kwa mara. Nilipofanikiwa kuirudisha mara ya mwisho, jeneza lilikuwa limeshashuka na watu wanakung'uta viatu. Mama hakulia. Alisema tu, "Huko hakuna theluji," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa ubishi, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Sasa ni Juni na tunakwenda Columbus kuondoa matanga, mimi nikiendesha, yeye pembeni yangu na mkoba mapajani, kinu kikigonga nyuma ya gari kila tunapopita shimo. Kama mtu angetusimamisha akauliza kwa nini wanawake wawili wanasafiri na kinu kisicho na mchi, ingenibidi nimsimulie mwaka mzima.

Mwaka wenyewe nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nyumba ilikuwa North Buffalo, ya mbao, ya ghorofa, yenye kibaraza mbele na ua mwembamba nyuma. Juu tulikaa mimi na Mama. Chini alikaa Mama Riziki na mume wake na binti yao Riziki, tuliyelingana naye umri, viatu na hata magauni ya kwaya. Sisi ni Warundi, wao ni Wakongo wa Fizi, lakini kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, mama zetu walipanga foleni pamoja ya maji, ya unga na ya kuni, na watu waliopanga foleni pamoja kwa miaka mingi hawaulizani tena kabila. Amerika ilipotupokea ikatuweka mji mmoja, nyumba moja, na kina mama wakaona hayo ni majibu ya maombi yao. Walipikia jiko la chini, kwa sababu ndilo lililokuwa na joto, na kula tulikula sote kwenye meza yao ya plastiki iliyopwaya mguu mmoja.

Mambo yalianza na maharage. Tulikuwa tumefika wakati wa joto, na mwezi wa tisa ulipoingia mvua ikaanza kunyesha mfululizo. Kina mama walitazamana kama watu walioitwa majina yao. Kule Kigoma mvua ya kwanza baada ya kiangazi haina majadiliano, unachukua jembe. Walilima ua wote wa nyuma, wakapanda maharage, na kandokando wakaweka mahindi. Mzee Mmarekani wa nyumba ya pili, mwenye mbwa mnene, alisimama kwenye uzio akasema maneno mengi huku akionyesha angani. Tulidhani anatupongeza. Mama Riziki akampungia mkono na kumwahidi, kwa Kiswahili, kwamba atapata fungu lake. Maharage yakaota vizuri sana, tukafika hata mahali pa kubishana ni lini tuchume majani machanga. Asubuhi moja tukaamka tukakuta kila jani limekuwa jeusi na kulala chini, kama lililomwagiwa maji ya moto, na haikuchukua muda theluji ikafunika kila kitu. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mama Riziki hakucheka. Alisimama dirishani amejifunga kitenge juu ya koti, akasema, "Bon. Udongo yenye kuua maharagi, iko inaniambia kitu."

Baridi ile yote, basi, ilikuwa ya kupima. Kila Jumapili baada ya ibada simu iliwekwa katikati ya meza, na kutoka Louisville aliongea Elia, mdogo wake Baba Riziki, aliyekuwa akiishi Okolona, karibu na maghala. Elia alikuwa na sauti ya mhubiri, na injili yake ilikuwa Kentucky. Alisema kazi za ghalani zimejaa, na hakuna anayekuuliza Kiingereza mradi mikono yako ina haraka. Alisema nyumba zina ua ambao mtoto anaweza kupotea ndani yake, na baridi yao ni fupi, inakuja kama mgeni aliyeshiba, inasalimia na kuondoka. Alisema Wakongo ni wengi hata makanisa yanagombania waimbaji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu, Jumapili hata Jumapili: basi lipo? Hapo Elia alikohoa. Basi lilikuwepo, alisema, lakini watu wa huko hununua gari. Mama akarudi kwenye chai yake kama mtu aliyefunga kesi.

Nao upande wake haukuwa mwepesi. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na alikwenda kwa basi, peke yake, bila kumwomba mtu. Kliniki yake ya presha ilikuwa kwenye njia ile ile ya basi, na kadi yake ya matibabu ilipokelewa bila maswali. Alikuwa amezeeka akingoja magari ya watu wengine, malori ya shirika, malori ya kurudishwa, na sasa alikuwa na kadi ya basi mfukoni, akiigusa kama wengine wanavyogusa rozari. Mama Riziki naye alifanya kazi ya kukata kuku, ndani ya chumba cha baridi, akitoka baridi ya ndani akaingia baridi ya nje. Jioni alikaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, sisi tukimzunguka, akisema kwamba hii baridi inaingia mu mifupa, haitokake. Nilimwonea huruma kweli. Mwezi wa pili alikuwa akitembea kwa kushika kuta.

Nyumba zile za zamani zina matundu sakafuni ya kupitishia hewa ya moto, na tundu la chumba changu lilikuja moja kwa moja kutoka jiko la chini. Nililala hapo karibu kwa ajili ya joto, na pamoja na joto yalipanda maneno. Ndivyo nilivyomsikia Baba Riziki akisema ameamua, wakati wa joto wanahama, na mke wake akijibu kwamba yeye haendi bila Mama Jenina; Jenina ni mimi. Siku iliyofuata, mchana, nikawasikia kina mama wenyewe wawili, wakichambua mchele. Mama Riziki alisema yote aliyokuwa nayo: jua, ua, kwaya, mifupa.

"Mama Riziki," Mama alisema, "mito nimevuka ya kutosha. Malagarasi niliuvuka mgongoni mwa mama yangu. Nikarudishwa kwa lori, nikauvuka tena kwa miguu na Jenina tumboni. Kila upande waliniambia nikivuka kutakuwa kuzuri. Na Elia mwenyewe anasema kufika kwao lazima uvuke mto."

"Muto iko na daraja, mama."

"Najua una daraja."

"Weye unaogopa muto, miye naogopa baridi. Nani mwenye akili kati yetu?"

"Hakuna," Mama alisema, na wakaanza kucheka, kicheko kile cha chini kwa chini cha wanawake wazima, mpaka nikasikia mchele ukimwagika na Mama Riziki akiulalamikia. Nikiwa nimelala pale sakafuni nilielewa jambo ambalo wanaume hawakuwa wamelielewa bado, kwamba hapa hapakuwa na faida wala hasara za kuweka kwenye mizani. Walikuwapo watu wawili wanaopendana, kila mmoja na hofu yake, na hofu zenyewe zilielekea pande mbili za ramani.

Majani yalipoanza kuchipua Baba Riziki aliazima gari la kanisa kwenda kujionea, na Mama akaniambia niende. Wanaume wakisafiri wanaona kazi, alisema. Wewe uniangalizie vingine. Tulikwenda na Riziki, tukilala na kuamka kwenye kiti cha nyuma. Louisville ilitupokea na miti yenye maua ya zambarau kila kona na jua la kuvua koti, na kabla hatujafika mlangoni kwa Elia sote watatu tulikuwa tunapiga chafya. Elia mwenyewe alitufungulia macho mekundu kama mla pilipili. Ni maua tu, alisema, mtazoea, akafuta machozi. Mke wake alitupa ugali na matembele ya bustanini kwake, ya mwaka uliopita, aliyoyahifadhi kwenye friza, na Riziki na mimi tulipangusa sahani kwa vidole. Dukani mama mmoja Mmarekani, mnene, mweupe, aliniita mpenzi wake, akaniuliza nimeamkaje, na akasubiri nimjibu. Sikuwa nimezoea kusubiriwa.

Lakini pia nilijaribu kutembea. Riziki na mimi tulitoka kwenda duka lililoonekana pale pale mbele, na njia ya miguu ikaisha kabla ya duka, tukabaki kwenye majani kando ya barabara kubwa, magari yakipunguza mwendo, mpaka kijana mmoja akasimama kutuuliza kama gari letu limeharibika. Na siku ya pili, mchana, tukiwa mezani, ving'ora vililia mji mzima. Mke wa Elia hakuwahi kumaliza kueleza kwamba ni majaribio tu, ya dhoruba za upepo, wanayafanya kila wiki. Baba Riziki alikuwa ameshatuvuta mimi na Riziki chini ya meza na kutulalia juu. Alipotoka alicheka kuliko wote, ila chakula hakukigusa tena. Jioni alikaa uani, viatu kavua, miguu kwenye majani, akizungusha vidole vyake. Riziki alinikalia karibu. "Tuje wote," aliniambia. "Job moja, shifti moja, mi na weye." Nilitaka. Siwezi kusema vinginevyo hata leo; nilitaka sana.

Niliporudi Mama alinipikia uji akaketi mbele yangu, na nikamweleza kila kitu, chafya, king'ora, mama wa dukani, njia iliyoishia majanini. Kisha akauliza kama nimekanyaga udongo wake. Nikasema nimeukanyaga: una wekundu kidogo, mzito, unashika kiatu, kama wa Kasulu. Mama aliangalia uji wangu ukipoa. "Basi atapanda," alisema. Hakusema tutapanda. Nikamuuliza, na wewe je? Akajibu kwamba mimi ni mtu mzima, nikitaka kwenda niende, yeye nisimbebe mgongoni kwa sababu bado ana miguu na kadi ya basi. Sikwenda. Watu wameniuliza sababu na kila mmoja nimempa yake: masomo ya uuguzi niliyokuwa nimeyaanza, Mama, kanisa. Sababu nyingine ni kwamba Buffalo ilikuwa imenishika bila kuniuliza. Majira yale, joto lilipofika, watu wote walitoka vibarazani siku moja kama wafungwa waliosamehewa, wakisalimiana mtaa mzima, na yule mzee wa mbwa mnene, aliyetukwangulia theluji baridi nzima bila kuombwa, alituletea miche ya nyanya na kutuonyesha kwa vidole mwezi wa kupandia.

Wakahama mwezi wa saba. Lori lilisimama mbele ya nyumba na kila kitu kikatoka, magodoro, beseni, meza ya mguu mmoja mbovu, mpaka kikabaki kinu. Kilichongwa na mzee mmoja wa kanisani kwetu kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba, kwa ajili ya kina mama wote wawili, kwa sababu Mama Riziki alikataa katakata sombe ya majani ya muhogo iliyosagwa na mashine. Alisema ile ni chakula ya ng'ombe. Sasa kila mmoja alimsukumia mwenzake. Chukua wewe, una familia. Hapana, baki nacho, weye ndiye mukubwa. Walianza kwa upole wakafikia kufokeana pale barabarani, dereva amewasha injini, na sote tulijua kwamba si kinu wanachogombania. Mwishowe Mama Riziki alichomoa mchi, akaupeleka mwenyewe hadi kwenye lori na kuusokomeza katikati ya magodoro.

"Kinu ibaki. Mchi iende," alisema. "Tutaona nani atachoka wa kwanza."

Hakuna aliyechoka. Mama alitwanga vitunguu saumu kwa chupa ya soda, akanikataza kununua mchi mwingine. Huko Louisville, tulisikia, mchi ulisimama nyuma ya mlango wa jikoni na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Simu zilipigwa kila Jumapili. Mama Riziki alisifia lengalenga zake, ule mchicha wa kwao, Mama akasifia basi lake, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme nimeshindwa. Aliyetuokoa ni Dada Konsolata, Mrundi mwenzetu wa Columbus, anayelea wazee wa watu kwa kazi na wa kwetu kwa hiari. Alipiga simu pande zote mbili akasema hiyo jeuri yao wailete kwake, katikati. Tangu hapo ikawa desturi, kila mwaka wakati wa joto: sisi kinu na samaki wakavu, wao mchi na majani, na kina mama wakatwanga kwa zamu uani kwa Konsolata huku wakirudia kesi ile ile. Konsolata aliwachokoza kwamba Kentucky hata si kusini kamili, kusini yenyewe iko mbele zaidi. Mama alimjibu kwamba ukishavuka mto ni kusini. Mama Riziki alimwomba kila mwaka, wakati wa kuagana, aingie gari lao, ni masaa matatu tu, akalale usiku mmoja aone. Mama aliahidi mwaka ujao. Miaka mingi yote ile hakuwahi kupita Columbus.

Mara hii Riziki ndiye aliyekuja na mchi, ameuviringisha kwenye kitenge cha mama yake, na boksi la barafu limejaa lengalenga. Tulikumbatiana mpaka watoto wetu wakaona aibu wakatuambia kwa Kiingereza tuache. Mama alifungua boksi, akashika jani moja, akauliza nani amepanda. Hakuna, Riziki alisema. Zimeota zenyewe, kutokana na mbegu alizoziacha mama zikamwagika. Mama aliendelea kulishika lile jani. Riziki na mimi tukatwanga sombe aliyoinunua Konsolata, tukaomba, tukala, mchungaji akasema maneno yake, na matanga yakawa yameondoka kwa wote isipokuwa mmoja. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, chakula hakijaguswa. Akamwita Riziki.

"Pale mlipomlaza," alisema, "udongo unaganda mpaka chini wakati wa baridi?"

Riziki alichuchumaa mbele yake akamshika magoti. "Inagandaka juu juu tu, mama. Chini haifikake."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha hesabu ya mwenzake na kukuta iko sawa. "Basi mama yako alichagua vizuri," alisema. Huo ubishi niliusikia maisha yangu yote ya utu uzima, na sikutegemea uishe kwa sauti ndogo namna ile. Kisha akanigeukia, akaniambia nioshe kinu nikiweke garini, na mchi pia. Nikamwuliza kama ameshachoka, anataka kurudi nyumbani mapema. Akasema hapana. Asubuhi twende tukamsalimu Mama Riziki, amemngoja vya kutosha.

Kwa hiyo leo tumeondoka Columbus kwa upande ambao hatujawahi kuutumia, gari la Riziki mbele, sisi nyuma, kinu na mchi vikigongana huko nyuma kama vinavyosalimiana. Mama alishikilia mkoba wake mapajani mpaka Cincinnati, majengo yalipoachana na daraja likaonekana. Akauliza kama ndio wenyewe. Nikamwambia ndio, ng'ambo ni Kentucky. Alijishika kwenye mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akanishika mimi bega, akayatazama maji tangu ukingo wa huku, mapana, ya kahawia, na mashua moja ya mizigo inayojikokota, mpaka yakaisha na tairi zikabadilisha sauti.

"Kumbe ni mto tu," alisema.

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Januari, na mimi nikaendelea kuendesha.